Idara Inayoshuku Mamlaka

Mwaka 1970 chuo cha San Diego State, huko California, kilianzisha programu ya masomo ya wanawake ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza rasmi nchini Marekani. Haikutokana na seneti iliyokaa ikaona haja. Wanafunzi na walimu wachache, wengi wao wakitoka katika harakati za ukombozi wa wanawake, waliisukuma mpaka ikakubaliwa, na walipoipata wakataka kuiendesha kama walivyozoea kuendesha vikundi vyao: kwa pamoja, bila bosi, wanafunzi nao wakiwa na sauti. Mwaka 1974 walimu wake walijiuzulu kwa mkupuo. Kiini cha mvutano wao na uongozi wa chuo kilikuwa utawala, yaani nani mwenye haki ya kuamua mambo ya programu ile. Programu yenyewe haikufa. Wakaja wengine wakaendelea nayo, na leo ni idara kama idara nyingine.

Waliojiuzulu wanaweza kusomwa kama mashujaa au kama watu wasiojua chuo ni nini. Mimi kinachonishughulisha ni kitu walichokuwa wanakitafuta, kwa sababu idara nyingi za jinsia duniani zimekitafuta baada yao, na ni kitu kigumu hata kukisema: kujitawala bila mtu kumtawala mwenziwe.

Idara ya sayansi ya siasa nayo huchambua madaraka, lakini huyachambua yaliyo ikulu na bungeni. Profesa wa demokrasia anaweza kuendesha ofisi yake kama mkuu wa wilaya wa enzi ya mkoloni na asishangaze mtu. Idara ya jinsia haina kimbilio hilo. Tangu mwanzo ilisema kwamba madaraka hayakai ikulu tu. Yanakaa jikoni, kitandani, na kwenye mazoea ya nani ataandaa chai ya kikao. Aliyefundisha hivyo asubuhi hawezi kuingia kikaoni saa nane mchana akasema masuala ya chai ni madogo.

Jibu la zamani la wanafalsafa kuhusu kujitawala ni la Rousseau: aliye huru ni yule anayetii sheria aliyojitungia mwenyewe. Ndani ya kitabu chake cha mkataba wa jamii, cha mwaka 1762, hilo ndilo fundo lenyewe. Mwaka huohuo alitoa Émile, na humo msichana Sophie analelewa ili ampendeze mume. Mtu mmoja, mwaka mmoja, na "mwenyewe" anayejitungia sheria tayari ana jinsia. Mwalimu wa jinsia analijua hilo kwa moyo, na ndiyo maana husita anapoambiwa idara yake "imejitungia kanuni". Nani aliyekuwa chumbani siku zinatungwa? Mwalimu wa mkataba wa muda alikuwapo? Katibu muhtasi alikuwapo, au alikuwapo ili aandike tu?

Kusita huko ni kwema. Kunapogeuka kuwa chuki ya kanuni zenyewe ndipo mambo yanapoharibika, na jambo hili lilionekana mapema. Mwaka 1970 Jo Freeman, mwanaharakati wa Marekani, alitoa hotuba iliyokuja kuchapishwa mwaka 1972 kwa jina la The Tyranny of Structurelessness. Hoja yake ni kwamba kikundi kisicho na muundo hakipo. Kinachokuwapo ni muundo usiotajwa, na muundo usiotajwa huwa ni wa marafiki: wanaokula pamoja, wanaopigiana simu usiku, wanaofika kikaoni jambo likiwa limeshapikwa. Mwenyekiti aliyechaguliwa unaweza kumng'oa. Urafiki utaung'oaje?

Tuchukue kikao cha idara kinachopenda maafikiano. Viti vimepangwa duara, watu wanaitana kwa majina bila vyeo, kura haipigwi kwa sababu kura inagawa watu. Ajenda ya tatu ni nani afundishe kozi mpya ya uzamili. Profesa mwenye miaka 20 kazini anasema kwa upole kwamba anaona kozi ingekaa vizuri kwa fulani. Kimya. Mwalimu ambaye mkataba wake unaisha Juni anatazama karatasi yake. "Basi tumeafikiana," anasema mtu, na kumbukumbu za kikao zinaandika hivyo. Hakuna aliyelazimishwa. Hakuna hata aliyepaza sauti. Na kwa kuwa hakuna kura iliyopigwa, hakuna pa kuonyesha kwamba kuna aliyepinga. Kila mtu aliyekaa kwenye duara lile alikuwa amebeba kitu tofauti cha kupoteza, na duara halikulisema hilo. Lilikuwa limepangwa hivyo ili lisisemwe. Pale sheria isipotajwa, mwenye nguvu hupishwa, hata akiwa anavaa fulana yenye maneno ya usawa.

Watu wa pwani yetu wana ushahidi wa upande wa pili. Vikundi vya ngoma ya lelemama vya Mombasa, vya wanawake pekee, vilikuwa na ngazi na vyeo vinavyojulikana. Mtu alipanda cheo kwa kugharamia karamu, na asiyekuwa na cha kupika alibaki alipo. Usawa haukuwapo wala hakuna aliyejidai kuwa nao. Lakini kila mmoja alijua nani yuko ngazi gani na amefikaje huko, na kwa hiyo kila mmoja alijua wa kugombana naye. Aliyeiandika historia hiyo kwa kina, Margaret Strobel, katika kitabu cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ndiye huyohuyo aliyeongoza masomo ya wanawake katika Chuo Kikuu cha Illinois kilichoko Chicago. Huwa namwona akilini akifunga daftari lake la vyeo vya lelemama na kwenda kuketi na wenzake wa enzi ile, kizazi kizima kilichoona haya kutamka neno cheo.

Sisemi idara iwe na karamu za kununua nafasi, ingawa wapo watakaosema tayari zipo. Nasema cheo kinachoonekana kina mpini wa kukikamatia. Kujitawala, kwa namna ninavyokuelewa, ni idara kujifunga kwa maneno yaliyoandikwa kiasi kwamba mnyonge wake aweze kumsomea mkubwa wake kifungu. Hilo si kinyume cha ufeministi. Ni ufeministi uliokubali kwamba wanawake nao hutawalana.

Ushahidi mchungu wa jambo hili ni wa mwaka 1990, mjini Akron, Ohio. Chama cha kitaifa cha masomo ya wanawake cha Marekani, kilichoundwa mwaka 1977, kilikuwa mkutanoni. Kufukuzwa kazi kwa mtumishi mweusi wa ofisi yake kulikuwa kumewasha hasira, na wanawake weusi na wenzao wasio wazungu walitoka nje ya mkutano. Chama karibu kivunjike. Kumbuka chanzo: mwajiriwa wa ofisini, si nadharia. Watu walioandika juzuu kwa juzuu juu ya mwingiliano wa rangi, tabaka na jinsia walinaswa na swali ambalo afisa utumishi yeyote analijua: mtu wetu akifukuzwa, anakata rufaa kwa nani?

Upo upande wa nje pia, na kwa idara ndogo upande huo unaweza kuwa ndio mkubwa. Programu nyingi za jinsia zimejengwa kwa walimu wa kuazima. Mtu anafundisha jinsia, lakini mshahara wake uko historia au sheria, na faili lake la kupanda cheo linasomwa huko. Siku akilazimika kuchagua kati ya kikao cha jinsia na kikao cha idara inayompandisha cheo, hakuna haja ya kubashiri. Programu ya namna hiyo inaweza kuwa na katiba nzuri kuliko ya nchi na bado isiwe na raia hata mmoja.

Ndiyo maana njia ya Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, inastahili heshima kuliko inavyopewa. Idara ya masomo ya wanawake ilianza pale mwaka 1991, chini ya Victoria Mwaka, ikiwa idara kamili yenye mkuu, walimu wake na shahada zake, na leo ni shule kamili ya masomo ya wanawake na jinsia. Iliingia ndani ya ngazi za chuo badala ya kukaa kibarazani. Bei yake inajulikana: mkuu wa idara ni pete katika mnyororo wa rasi na makamu mkuu wa chuo, na mnyororo huo haukufuliwa na wanawake. Wala kuingia ndani si kinga. Katika Chuo Kikuu cha Cape Town, mwaka 2012, masomo ya jinsia yaliunganishwa na masomo ya Afrika, anthropolojia na isimu kuwa shule moja. Hungaria, Oktoba 2018, serikali iliondoa masomo ya jinsia katika orodha ya shahada za uzamili zinazotambuliwa. Vyuo viwili viliguswa, na kimoja kiliendelea kwa kuegemea ithibati yake ya Marekani. Hakuna kanuni ya idara iliyoweza kusema lolote mbele ya amri hiyo.

Bado kuna kikwazo ambacho hakiwekwi kwenye falsafa kwa sababu kinaonekana cha kiofisi mno, nacho ni saa. Kujifunga kwa maandishi kunataka vikao, akidi, rasimu, rufaa, watu wa kusoma rufaa. Chuo kikishapitisha kwamba kila kamati iwe na mwanamke, na maprofesa wanawake ni wachache, haohao wachache huitwa kamati ya nidhamu, kamati ya zabuni, kamati ya sherehe za mahafali. Idara ya jinsia ndiyo inayotoa wajumbe kwa chuo kizima. Jumatano ya kikao cha idara ikifika, nusu ya walimu wako kwingine wakiwakilisha wanawake. Akidi haitimii. Mambo ya dharura yanaamuliwa na waliopo, na waliopo ni wawili ambao ofisi zao zinapakana.

Freeman angewatambua wawili hao mara moja. Sera iliyopigania wanawake wakae mezani ndiyo iliyoondoa watu kwenye meza yao wenyewe, na dawa yake haiko ndani ya idara. Inabidi kamati ya zabuni ijifunze kumwona mwanamume kama mtu mwenye jinsia, imuulize yeye habari za usawa, na imwache mwalimu wa jinsia akapige kura kwake.