Uhuru wa Mezani Haukuwa wa Bure

Wajukuu zangu, nawasikia mkisema uhuru wa Tanganyika ulikuwa wa mezani, kwamba wazee hawakumwaga damu na kwa hiyo hawakupigania kitu. Kaeni niwaambie.

Nchi hii ilikwisha kuonja vita. Mwaka 1905 watu wa kusini walimwinukia Mjerumani katika Maji Maji. Mjerumani alichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wazee walioanzisha chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954 walikulia kwenye simulizi hizo. Hawakuikwepa bunduki kwa woga. Walijua bei yake na nani huilipa.

Waliona pia mfano wa Wameru. Mwaka 1951 Mwingereza, aliyeishika nchi baada ya Mjerumani, aliwafukuza Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Wakachangishana, na mwaka uliofuata mwenzao Kirilo Japhet akasimama Umoja wa Mataifa kumshtaki mtawala. Ardhi haikurudi wakati ule, lakini nchi ilijua kwamba mkoloni naye hushtakiwa.

Mtihani mkubwa ulikuwa mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura lazima achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, akiruka mmoja, kura imeharibika. Tena asiye na elimu, cheo au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, hana kura. Ilikuwa dharau ya mchana kweupe, na wajumbe wengi walitaka kuususia uchaguzi huo. Nyerere, kiongozi wa TANU, akawaonyesha kwamba wakisusa, viti vitakaliwa na UTP, chama kipenzi cha Gavana Twining. Wakabishana, wakapiga kura, wakaamua kuingia uchaguzini. Zuberi Mtemvu alikataa, akaenda kuanzisha chama chake. Waliobaki wakaigeuza sheria ileile: kama ni lazima kumpigia Mwasia na Mzungu, basi TANU ndiyo itakayosema ni Mwasia yupi na Mzungu yupi. Chaguzi za Septemba 1958 na Februari 1959 zikaimaliza UTP.

Katikati ya hayo Nyerere alihukumiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali: faini ya shilingi 3,000 au jela miezi sita. Jela ingempa sifa. Alilipa, akarudi kazini, kwa sababu uchaguzi ulikuwa mlangoni.

Wala msidhani kazi ilikuwa ya hotuba tu. Bibi Titi Mohamed aliwafuata akina mama wa Dar es Salaam kwenye vikundi vyao vya ngoma ya lelemama, akawaingiza chamani. Chama kilijengwa kwa kadi na michango ya watu wa kawaida, mtaa kwa mtaa.

Basi shikeni haya. Kabla ya kuingia barabarani kuandamana, jueni mnataka nini, na kila mmoja wenu aweze kukieleza bila kugugumia. Daftari la wanachama na la fedha liwe safi, maana fitina huanzia kwenye hela. Msirushe jiwe; jiwe moja humpa askari kisingizio alichokuwa akikitafuta. Mkitukanwa, ulizeni kwanza ni jibu gani litakalowafikisha mnakokwenda. Na mkizidiwa kwa hoja kikaoni, msiwaite wenzenu wasaliti.

Hasira mnayo, na mara nyingi mna haki nayo. Ifundisheni nidhamu. Wazee wenu walifanya hivyo, na tarehe 9 Desemba 1961 Mwingereza akateremsha bendera yake.