Ayubu Alishaingia Duarani

Wapendwa wa Bweri, na ninyi wa Bunda na Butiama ambao karatasi hii itawafikia, fungueni Ayubu sura ya 28. Someni yote, msirukeruke. Mtakutana na watu mnaowafahamu. Wanachimba mbali na makazi, wananing'inia gizani, wanapasua jiwe gumu, wanaupindua mlima toka shinani, wanayazuia maji yasiwafurike, na mwisho wanatoka na dhahabu. Vijana wetu hao! Buhemba hiyo, Kiabakari hiyo, Nyamongo hiyo, ingawa Ayubu hakuwahi kuliona karasha wala kushika zebaki. Sasa angalieni: sura nzima haimkemei mchimbaji hata mara moja. Haimwambii amefika mbali mno, apande juu haraka. Inamkatalia kitu kimoja tu, kudhani kwamba hekima nayo imelala humo duarani, ndani ya shimo la mchimbaji.

Nawaomba tushuke na Ayubu leo, kwa sababu kuna ugomvi umeingia makanisani mwetu nao unatula watoto. Ni ugomvi wa umri wa dunia. Utawasikia wahubiri, wa stendi na wa mimbarani, wakitangaza kwamba dunia ina miaka 6,000, na anayesema zaidi ya hapo amemkana Mungu. Jumatatu mtoto yule yule anaingia darasani, anafundishwa zamadamu, anaambiwa mamilioni ya miaka. Amwamini nani? Tumemwekea njia panda ambayo Bwana hakumwekea.

Nauliza kwa upendo, ila nauliza kwa sauti: hiyo 6,000 imeandikwa wapi? Nipeni sura, nipeni mstari. Haupo! Ni hesabu ya kujumlisha umri wa mababu, na aliyeipa umaarufu ni James Ussher, askofu mkuu wa Armagh kule Ireland, aliyechapisha mwaka 1650 kwamba uumbaji ulianza Oktoba ya mwaka 4004 kabla ya Kristo. Alikuwa msomi hodari, tusimbeze. Baadaye wachapaji wa Biblia za Kiingereza waliichapa tarehe yake pembeni mwa kurasa, na kutoka pembeni ikahamia vichwani mwa watu hadi ikaonekana ni Neno. Lakini Wahabeshi, waliompokea Kristo tangu karne ya 4, wanahesabu takriban miaka 5,500 toka Adamu mpaka Kristo, maana Mwanzo ya Kigiriki inawapa mababu miaka mingi kuliko ile ya Kiebrania. Tofauti ya karibu miaka 1,500, na wote wanasoma Maandiko, wote wanafunga na kusali. Mhabeshi naye tumtenge?

Twendeni kwenye jiwe lenyewe. Mawe haya makubwa ya itale yaliyojipanga Musoma yetu, na miamba inayobeba dhahabu ya Mara, yana zaidi ya miaka bilioni 2.5. Si majivuno ya mtu. Ndani ya itale mna punje ndogo za madini yaitwayo zirikoni. Punje hiyo inapoganda kutoka kwenye uji wa mwamba hupokea urani na huikataa risasi. Urani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo uliopimwa: aina moja nusu yake huisha kwa miaka bilioni 4.47, aina ya pili kwa miaka milioni 704. Vipimo viwili, mwendo mbalimbali, punje moja. Na pale ambapo punje haikuharibika vyote viwili vinatoa jibu lile lile. Kwa risasi hiyo hiyo Clair Patterson, mwaka 1956, akipima vimondo, aliipa dunia miaka bilioni 4.55, na tangu hapo takwimu hiyo haijasogea ila kidogo sana.

Atasimama mtu aseme, labda zamani mwendo ulikuwa wa kasi. Basi apige na hesabu ya joto. Kuibana mionzi ya mabilioni ya miaka ndani ya miaka 6,000 kungetoa moto wa kuiyeyusha dunia, na Nuhu asingepata maji ya kuelea.

Atasimama mwingine aseme, Mungu aliliumba jiwe likiwa tayari na sura ya uzee. Hapa, mtaniwia radhi, napandwa na hasira. Unamwita Mungu mghushi! Unasema alificha risasi ndani ya punje ambayo jicho la mtu lisingeipima mpaka karne ya 20, ili mwenye bidii adanganyike na mvivu aokoke. Huyo si Mungu wa Ayubu. Mungu wa Ayubu hasemi uongo, si kwa kinywa cha nabii, si kwa tumbo la mwamba.

Na ziwa je? Ziwa hili tunalovua, tunalobatizia! Watafiti walitoboa tope la chini yake wakakuta, chini ya ute laini, udongo uliokauka wenye mabaki ya nyasi. Ziwa Victoria lilikauka, likawa mbuga, kisha likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Yaani maji ya Musoma yalikwisha kuondoka na kurudi kabla kalenda ya Ussher haijafungua ukurasa wa kwanza. Humo wakaongezeka furu, mamia ya aina, kila mmoja na kinywa chake na chakula chake. Mnaoogopa neno mageuzi, rudini Mwanzo 1: Mungu anaiagiza nchi itoe, anayaagiza maji yajae viumbe. Hakuona haya kuipa nchi kazi, wala kuyapa maji muda.

Tumekwisha kuona hofu inavyotufikisha. Mwaka 2006, Nairobi, Askofu Boniface Adoyo aliongoza makanisa ya kiinjili kuitaka Makumbusho ya Taifa yasiyape nafasi ya mbele mabaki ya zamadamu. Shabaha kubwa ilikuwa Kijana wa Turkana, mifupa yenye umri wa takriban miaka milioni 1.5, aliyoivumbua Kamoya Kimeu mwaka 1984. Mkenya, Mkamba, mwenye jicho lililoshinda maprofesa, na kanisa la nyumbani likaona heri kazi yake iwekwe uani! Makumbusho yalifunguliwa upya mwaka 2008, na Kijana bado anaonyeshwa. Sisi tulivuna nini? Tulivuna kijana wa chuo aliyejifunza kwamba Wakristo wanaogopa mifupa. Wala tusisahau, Louis Leakey mwenyewe alizaliwa Kabete na wazazi wamisionari.

Mwafrika mwenzetu Agostino wa Hippo, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi tunayoiita leo Algeria, alikwisha kulia juu ya jambo hili. Alionya kwamba asiyeamini akimsikia Mkristo anapayuka kuhusu nyota na viumbe ambavyo yeye anavijua, hatamwamini tena akimsimulia ufufuo. Miaka 1,600 imepita na bado tunapayuka. Anayeifunga Injili kwenye 6,000 ni sawa na mvuvi aliyefunga mtumbwi kwenye tete: upepo ukija, tete linang'oka na mtumbwi unakwenda nalo.

Ndugu zetu Wasabato, ambao Mara hii ni wengi na ni majirani wema, nasema nanyi kwa heshima. Mwaka 2015 mkutano wenu mkuu, San Antonio, ulithibitisha kwamba uumbaji ulikuwa wa siku sita halisi na wa hivi karibuni. Naelewa uzito wake kwenu. Sabato imekaa juu ya hizo siku. Sitawanyang'anya Jumamosi yenu. Naomba tu mtoto wenu anayeipenda jiolojia asihesabiwe mwasi, na ninyi mkae na jiwe mlipime wenyewe, msitosheke na kipeperushi.

Na wewe mwalimu unayeufunga ubao kwa kusema sayansi imethibitisha hakuna Mungu, umetoka wapi na hilo? Zirikoni haisemi hivyo. Umri wa jiwe ni umri wa jiwe. Georges Lemaître, aliyefundisha kwamba ulimwengu unatanuka na ulikuwa na mwanzo, alikuwa padri. Ulipoingia duarani ukatoka na dhahabu, tukakupigia makofi. Usituambie sasa umetoka na hekima yote.

Mzazi, usimlazimishe mwanao kuchagua. Mzee wa kanisa, mtoto aliyejibu vizuri mtihani wa Historia asiitwe mbele kutubu. Mwalimu wa shule ya Jumapili, wiki hii usiwaweke watoto kwenye benchi. Wapandishe mlimani, wakae juu ya itale, waiguse kwa viganja vyao. Watajie umri wake wote bila kuupunguza hata mwaka mmoja. Wakikuuliza kulikuwa na nani siku itale hiyo ilipoganda, soma nao Ayubu sura ya 38, swali kwa swali, na umwache kila mtoto ajaribu kujibu.