Je, Picha Nzuri Yaweza Kuwa Uongo?

Mtu akitaka kutengeneza filamu fupi juu ya kuogelea ziwani, Gisenyi itampa karibu kila kitu. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, halina mamba, na ufuko wake wa mchanga umepakana na mji. Mpiga picha hodari hatasimama nchi kavu. Ataingia majini, aishike kamera shubiri moja tu juu ya maji, ili mtazamaji aone kama muogeleaji aonavyo: mkono ukipasua maji, kisha pumzi, kisha mbingu. Atachagua alfajiri, kabla upepo haujaamka, maana wakati huo maji hutulia kama kioo. Naye atatafuta ghuba ndogo iliyojificha, huku au ng'ambo ya mpaka, kwani Gisenyi na Goma ni miji iliyoshikana.

Lakini liko jambo ambalo lenzi hailioni. Katika ukingo wa kaskazini wa ziwa hilo, hasa upande wa Goma na Sake, hewa ya kaboni dayoksaidi hutoka ardhini penye miamba ya volkano. Haina rangi wala harufu. Kwa kuwa uzito wake ni mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, hutuama mabondeni na juu ya maji yaliyokingwa na upepo, nayo huzidi usiku na alfajiri. Imekwisha kuua watu, waogeleaji wakiwamo. Wasemaji wa Kiswahili wa huko huiita mazuku. Tazameni basi: saa, utulivu na kimo avipendavyo mpiga picha ndivyo vile vile vipendwavyo na mazuku.

Afanyeje? Mwalimu mwenzetu, tulipoketi naye ufukoni Gisenyi, alishikilia kwamba sanaa si kibao cha tahadhari. Hoja hiyo ina nguvu. Hatumlaumu mchoraji wa bahari kwa kutochora papa. Hata hivyo, filamu iliyotaja mahali na kumtia mtazamaji majini hadi puani humwambia, "Njoo." Kila ilichoonyesha ni kweli, uongo umo katika kile alichokijua mtengenezaji akakiacha. Na kama hakujua, basi hakuuliza, maana watu wa pale wana jina lake.

Hapa ndipo sisi walimu wa lugha tunapohusika. Picha haina njia ya kusema kwamba kisichoonekana kipo, neno linayo. Muogeleaji akilitamka neno mazuku mara moja tu, huku akijifuta maji, twaona ingetosha, wala mwanga usingeharibika.

Mwenzetu hakukubali. Alisema neno hilo likishatamkwa, hakuna atakayeutazama tena mkono ukipasua maji. Kila mtu atangoja kifo. Hilo hatukuweza kulijibu, na jua lilikuwa limekwisha kupanda.