Kusimamisha Kazi Iliyoanzwa

Watu wote humsifu mtu aanzaye kazi, na humsifu zaidi yule aimalizaye. Aiachaye katikati hana wa kumsifu. Methali yetu husema kwamba maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na watoto hufundishwa neno hilo kabla hawajafika mtoni. Mafundisho hayo yana faida, maana ziko kuta nyingi zilizokosa mapaa kwa sababu ya watu waliochoka upesi. Walakini liko swali moja ambalo methali hii hailijibu, nalo ndilo nitakalo tulifikiri pamoja, msomaji. Mtu akiisha kuagiza kazi, kisha akatambua kwamba haja yake imekwisha, au kwamba kazi ile itawadhuru wasiohusika, je, anao wajibu wa kuisimamisha? Na kama anao, je, si wajibu wake pia kuianza kwa namna ambayo inaweza kusimama?

Nyeri ni mji uliokaa baina ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, katika nchi ya baridi, ya chai na kahawa. Mapaa yake yana wapangaji wasiolipa kodi, nao ni popo. Mchana hulala wakining'inia katika nyufa za dari, na magharibi ikiingia hutoka kama moshi, wakaenda kuwinda wadudu juu ya mashamba. Hupiga sauti nyembamba isiyosikika kwa sikio la mtu, na mwangwi wake ukiwarudia hujua nondo yuko wapi na ukuta uko wapi. Mkulima ambaye mahindi yake hayakutobolewa na viwavi pengine anawiwa na wanyama hawa deni asilolijua, maana nondo aliyeliwa usiku hatagi mayai asubuhi.

Shukrani wapatayo ni ndogo. Hadithi za watoto humfanya popo kuwa msaliti, ndege mbele ya ndege na mnyama mbele ya wanyama, na wakubwa humhesabu pamoja na wachawi. Haki ni kusema pia kwamba si jirani mwema kwa kila jambo. Kinyesi chake kinanuka, mkojo wake hutia madoa katika dari, na baadhi ya popo hubeba maradhi ambayo hayafanyiwi mzaha. Kwa hiyo kamati ya shule ikikaa na kuamua kwamba popo watoke darini, siwezi kusema kwamba imedhulumu. Nataka tutazame jinsi kazi yenyewe inavyofanywa.

Aghalabu huitwa fundi, akaambiwa azibe matundu yote, akalipwa. Akiziba mchana, amewazika popo wakiwa hai, na harufu itakayofuata itawafukuza wanafunzi kabla ya popo. Akiziba usiku baada ya popo kutoka, naye akidhani amefanya hisani, mama wamebaki nje na watoto wasioweza kuruka wamebaki ndani. Popo si kama panya. Panya akipoteza watoto sita leo, baada ya muda mfupi atakuwa na wengine; popo wa aina nyingi huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, na kundi lililopoteza watoto wake wa msimu mmoja litachukua miaka kurudi katika hesabu yake. Sasa tuseme kwamba saa tisa alasiri mwalimu mmoja anakumbuka kuwa huu ndio wakati wa popo kulea, akamtuma mtoto mbio amwambie fundi aache. Fundi yuko juu ya ngazi, nyundo inalia, hasikii. Au anasikia, akajibu kwamba yeye amepewa kazi na ameshalipwa, wala hakuambiwa kwamba huenda akaitwa ashuke.

Jambo hilihili limewasumbua kwa miaka mingi watu wa kazi ambayo kwa mtazamo wa kwanza haihusiani na paa wala popo, yaani watungaji wa programu za kompyuta. Mtu afunguapo ukurasa wa intaneti, kivinjari chake hakitumi ombi moja kikakaa kulingojea. Hutuma maombi mengi kwa kompyuta za mbali, nyingine zikiwa ng'ambo ya bahari, kisha huendelea na shughuli zake mpaka majibu yarudi. Tunaweza kuziita kazi za namna hiyo kazi zisizongojana. Mwanafunzi wa Nyeri atafutaye ramani ya Mlima Kenya huandika herufi ya kwanza, na ombi likaenda. Huandika ya pili, na ombi jingine likaenda. Kabla hajamaliza neno la kwanza maombi matano yako njiani, na manne kati yake hayana haja tena. Yasiposimamishwa hula fedha ya mwanafunzi na huishughulisha kompyuta ya mbali bure. Baya zaidi ni kwamba jibu la ombi la zamani laweza kuchelewa, likafika mwisho, likakaa mahali pa jibu la ombi jipya, na mwanafunzi akasoma alichokwisha kuacha kukitafuta.

Katika lugha ya JavaScript, ambayo ndiyo lugha ya vivinjari, kazi ya namna hii humpa mwagizaji kitu kiitwacho ahadi. Ahadi hiyo ikiisha kutolewa hapakuwa na njia ya kuitangua. Palitokea pendekezo la kuziwezesha ahadi zitanguliwe, likajadiliwa sana, na mwishoni mwa mwaka 2016 likaondolewa. Mwaka 2017 vivinjari vilianza kupokea njia nyingine. Mwagizaji hutengeneza ishara ya kusitisha, akaikabidhi kazi pamoja na maagizo yake. Akitaka isimame huiinua ishara, na kazi ikiiona husimama. Lakini ishara hailazimishi. Kazi ambayo mtungaji wake hakuifundisha kuitazama itaendelea mpaka mwisho ingawa bendera imepandishwa mbele yake, kama fundi wetu na nyundo yake.

Mtu mkali atauliza kwa nini kazi hiyo isiuawe tu. Lugha ya Java iliwahi kuwa na amri ya kuiua kazi papo hapo, na tangu mwaka 1998 wenye lugha hiyo wamewaonya watu wasiitumie, kwa sababu kazi iliyouawa katikati iliweza kuacha hesabu nusu imebadilishwa na nusu haikubadilishwa, na kazi nyingine zikaiamini hesabu hiyo mbovu. Kusitisha na kukatiza si jambo moja. Mwenye kusitisha humpa mfanyakazi nafasi ya kukusanya vyombo vyake na kufunga alichokifungua. Tena yako mambo ambayo ishara haiyafikii kabisa: ombi likiisha kufika kule na kutendwa, kuacha kungoja jibu hakutengui tendo. Kila aliyepata kutuma fedha kwa simu kwa namba isiyo yenyewe anaijua habari hii bila kusoma kitabu.

Naona, basi, kwamba swali la adili huanza mapema kuliko tulivyodhani. Halianzi wakati mwalimu anapopaza sauti uani. Huanza siku kamati ilipokaa kuagiza, wala haikuuliza tendo gani katika kazi hiyo lisiloweza kurudi. Wajuao habari za popo wanayo njia iliyojibu swali hilo. Hungoja hata watoto waweze kuruka. Kisha huziba matundu yote isipokuwa moja, na hilo moja hulitundikia wavu au kitambaa ambacho popo hupita chini yake akitoka, asipate njia ya kurudi. Baada ya siku kadhaa, dari ikiwa kimya, ndipo hilo nalo huzibwa. Tundu lile la mwisho ndilo ishara ya kusitisha iliyokabidhiwa kazi tangu mwanzo. Maadamu liko wazi, neno la mwalimu lina mahali pa kufika.

Hata hivyo kundi la popo likiachwa laweza kupona baada ya miaka. Ardhi ina saa nyingine. Mlima Kenya ni volkano iliyokufa, ambayo ilianza kujengeka kiasi cha miaka milioni 3 iliyopita, ikitapika lava na majivu tabaka juu ya tabaka. Udongo mwekundu wa Nyeri ni miamba hiyo iliyooza polepole, na kina cha kidole kimoja huhitaji mamia ya miaka. Mvua hupenya katika majivu na nyufa za lava, hata ikikutana na tabaka gumu isiloweza kulipita hutambaa juu yake na kutokeza ubavuni mwa kilima kuwa chemchemi. Katika miteremko hiyo huota mugumo, mti ambao Wakikuyu waliuheshimu wakasali chini yake. Popo wa matunda hula tini zake usiku na kuangusha mbegu popote warukapo. Mbegu ikiangukia tawi la mti mwingine huchipua hukohuko juu, ikateremsha mizizi mpaka chini. Aliyeupanda hakuagizwa na mtu.

Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, na akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alisimulia habari ya mugumo mmoja wa namna hiyo karibu na nyumbani kwao. Mama yake alimkataza kuokota kuni chini yake kwa sababu ulikuwa mti wa Mungu, na hapo karibu palikuwa na kijito alichochezea mayai ya vyura. Baadaye alipata habari kwamba shamba lilipata mwenyewe mwingine, naye aliukata mti kwa kuwa ulichukua nafasi ya chai. Kijito kikakauka. Wangari alieleza kwamba mizizi ya mti kama huo huzama ndani ya mwamba na kulifungulia maji njia, na huushika udongo wa mteremko usiporomoke.

Mwenye shamba hakuwa mwovu. Alitaka chai, na chai si haramu. Lakini fikiri, msomaji, ni pigo gani la shoka lililokuwa la mwisho ambalo baada yake neno "acha" lingekuwa na maana. Mti uliojeruhiwa robo huishi. Uliojeruhiwa zaidi ya nusu hufa hata shoka likitupwa mtoni. Pigo lile halikuwa na alama, wala aliyelipiga hakulitambua kuwa tofauti na lililotangulia. Na maji hayakuondoka siku hiyo, hata mtu aseme ameona kosa akimbilie kulitengeneza. Yaliondoka taratibu, wakati majani ya chai yamekwisha kuchanua.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya watu wasio na haraka, na kwamba palipo na hatari ya kifo hapana nafasi ya kuacha tundu. Neno hilo ni zito. Mwaka 2007 wachimbaji katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, walipatwa na homa ya Marburg, na wataalamu walionyesha kwamba popo wa matunda waliojaa mgodini walikuwa na virusi vyake. Wachimbaji waliogopa, na nani angewalaumu? Wakaziba njia za popo na kutega nyavu, wakaua makumi ya maelfu. Mwaka 2012 ugonjwa ukazuka upya katika mji wa Ibanda, karibu na mgodi huo. Wataalamu waliporudi walikuta popo wachache wamehamia humo, na katika kila 100 waliopimwa kiasi cha 13 walikuwa na virusi, ambapo zamani walikuwa kiasi cha 5. Haraka ile haikununua usalama. Na popo waliouawa hawakuweza kurudishwa ili njia nyingine ijaribiwe, kama vile kuwaondoa watu mgodini kwa muda.

Ahadi je? Ni kweli kwamba mtu aliyemwahidi mwenziwe hawezi kuitangua ahadi peke yake kwa sababu tu moyo wake umegeuka; yule aliyeahidiwa ana fungu lake ndani yake. Fundi aliyeitwa ashuke ana haki ya ujira wake, na kamati inayomnyima kwa kuwa imebadili shauri inaongeza dhuluma juu ya uzembe. Gharama ya kusitisha ni ya aliyeagiza bila kufikiri.

Gumu kuliko hayo ni hili, kwamba mara nyingi waumiao si waagizaji, na popo, udongo na chemchemi hawana mtu wa kumtuma mbio. Mwaka 1989 ilitangazwa kwamba jengo la orofa 60 litajengwa ndani ya Bustani ya Uhuru jijini Nairobi, ambako wasio na viwanja vyao hupumzika chini ya miti. Wangari Maathai aliandika barua kwa wakubwa, akaenda mahakamani, na mahakama ikamkataa. Wabunge walimdhihaki, na kikundi chake kikaondolewa katika ofisi kilimokuwa. Aliambiwa kwamba kazi imekwisha kuamuliwa na kwamba amechelewa. Aliona kwamba miti ilikuwa ingali imesimama na fedha za wageni zilikuwa hazijatolewa zote, akaendelea kuandika. Wenye fedha walijitoa, mpango ukapunguzwa, kisha ukaachwa, na jengo lile halikujengwa.