Moyo Usiohudhuria

Yako masuala waliyoyajadili wahenga kwa wino na karatasi ambayo leo yamerejea kwetu katika kioo cha kishikwambi, na mojawapo ni hili: mtu asomapo, ni kitu gani ndani yake kinachofahamu? Jicho huona herufi, ulimi huzitamka, sikio husikia, na bado mtoto aweza kuumaliza ukurasa mzima bila kukwama, kisha ukimwuliza aliyoyasoma akakukodolea macho kama aliyeulizwa habari za mji asiopata kuufikia.

Mkoa wa Tanga, alikozaliwa Shaaban Robert, uliona mtihani wa ajabu wa jambo hili. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017, kwa muda wa miezi 15, watoto wapatao 2,700 wa vijiji karibu 170, wengi wao wasiopata kukanyaga darasa, walipewa vishikwambi vilivyotiwa chaji kwa nguvu ya jua, wajifunze kusoma na kuhesabu pasipo mwalimu. Yalikuwa mashindano ya shirika la XPRIZE la Marekani. Kabla ya kuanza, zaidi ya watoto 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishowe idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Insafu yatulazimu kukiri kwamba jambo hilo si dogo. Chombo hiki hakina bakora wala hakichoki: neno likiguswa kwa kidole hung'aa, na sauti hulitamka mara ya ishirini kwa upole uleule wa mara ya kwanza.

Lakini kulitamka neno si kuifahamu habari. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoeleza katika kitabu chake Ihya adabu za batini za kusoma Kurani, alitanguliza kuhudhuria kwa moyo mbele ya mazingatio, na mazingatio mbele ya ufahamu. Pwani yetu yaijua tofauti hiyo: watoto wengi hukhitimu msahafu chuoni kabla ya kujua maana ya Kiarabu chake, na mwalimu wao hadai kwamba wamefahamu, amewapa matamshi, maana inangoja darasa la tafsiri. Kioo, kwa bahati mbaya, hakina unyenyekevu huo. Mtoto akifika mwisho wa hadithi, mara nyingi humwagiwa nyota na kupigiwa makofi, na kama yapo maswali ya kuchagua jibu, hugusa hili na lile mpaka rangi ya kijani itokee, akasifiwa kwa kubahatisha.

Hapa mpinzani aweza kusimama na hoja nzito. Mtakatifu Augustino, katika mazungumzo na mwanawe Adeodatus, alishikilia kwamba maneno peke yake hayamfundishi mtu, bali humwashiria tu atazame, na anayefundisha hasa ni Ukweli akaaye ndani ya nafsi. Ikiwa ndivyo, mwalimu wa nyama na damu amezidi nini kioo, hali wote wawili ni waashiriaji wa nje? Nadhani amezidi jambo moja: yeye humwona mtoto usoni, akatambua kwamba moyo umetoka ukaenda zake, ilhali kioo hungoja kidole tu.

Tuseme mtoto amesoma hadithi ya kuku aliyeupoteza wembe wa mwewe, na mwewe akawa ananyakua vifaranga kwa kulipiza. Mwulize: "Mbona kuku hata leo anaparura chini?" Asiyefahamu atairudia sentensi ya mwisho neno kwa neno. Aliyefahamu atasema kuku angali anautafuta wembe, kisha, ukimpa nafasi, naye atauliza: "Sasa vifaranga wana kosa gani?" Swali hilo halikuandikwa popote katika hadithi, nalo ndilo dalili kwamba moyo umehudhuria.

Hadithi za bure za Kiswahili za kusomwa katika simu na vishikwambi zipo leo kwa wingi ambao babu zetu wasingeuota, na kumnyima mtoto neema hiyo kwa kuchukia chombo ni dhuluma. Basi, ewe mzazi, mpe asome. Akimaliza, keti naye umwulize kwa nini, umngoje ajibu, na akikuuliza yeye, usimrudishe kwenye kioo.