Damu Haingoji!

Unajua. Hilo ndilo linalonitia moto niandike.

Ungekuwa hujui, ningekuja na ubao na chaki nikakufundisha taratibu. Lakini unajua! Ulisomeshwa chuoni, ukajibu kwenye mtihani, ukakaa kwenye semina ukasaini posho. Unajua kwamba mwanamke aliyejifungua salama saa nane usiku anaweza kuwa maiti kabla ya adhana ya alfajiri. Unajua kinachomuua. Unajua dawa iko kabati gani.

Na bado unangoja!

Nasema nawe, mkunga wa zamu ya usiku. Nasema nawe, daktari unayesubiri kuitwa. Nasema nawe, mganga mfawidhi mwenye ufunguo wa stoo mfukoni. Msitazamane. Kila mmoja ajitazame mwenyewe.

Mama amezaa. Mtoto amelia. Kondo limetoka. Damu inashuka, nawe unainama, unatazama, unasema: ya kawaida hii. Unamgeukia mwingine, maana leba imejaa na uko peke yako. Ukirudi, shuka limelowa, godoro limelowa, mama anahema na kuomba maji ya kunywa. Ndipo unapoita. Ndipo unapotafuta kanula. Ndipo unapouliza ufunguo uko kwa nani.

Nani alikuambia ile damu ilikuwa ya kawaida? Jicho. Jicho lako tu!

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kila mwaka wanawake wapatao milioni 14 hutokwa damu kupita kiasi baada ya kujifungua, na kwamba 70,000 hivi hufa. Si kwa ugonjwa usiojulikana. Si kwa kukosekana tiba duniani. Wanakufa kwa kitu tunachoweza kukipima kwa mistari iliyochorwa kwenye plastiki!

Umesikia habari za majaribio ya E-MOTIVE. Usijifanye hukusikia. Yalifanyika hapa kwetu, Kenya na Tanzania, pamoja na Nigeria na Afrika Kusini, katika hospitali 80, kwa wanawake zaidi ya 210,000. Hawakuwapigia kura wanawake, walizipigia kura hospitali: hizi zifuate utaratibu mpya, hizi ziendelee kama kawaida yake. Daktari Zahida Qureshi wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwamo. Daktari Fadhlun Alwy Al-beity wa Muhimbili alikuwamo. Usiseme basi kwamba hizi ni habari za wazungu zisizoijua leba yetu.

Sasa sikiliza jambo moja ambalo wengi hulipita haraka, nami nakuomba usimame hapo. Pande zote mbili zilitandika shuka la plastiki chini ya mama, lenye kifuko cha kukusanyia damu. Shuka la aina moja! Tofauti ni kwamba upande mmoja kifuko kilikuwa na mistari ya kipimo, na upande wa pili hakikuwa nayo. Upande wa pili, mkunga aliiona damu yote, iko mbele yake, imejikusanya mahali pamoja. Akatazama kwa jicho.

Na jicho likagundua wagonjwa 51 tu katika kila 100 waliokuwa wakitokwa damu kupita kiasi. Karibu nusu waliponyoka! Penye mistari, waligunduliwa 93.

Wale 49 walikuwa wapi? Walikuwa kitandani mbele ya mtu mwenye cheti, mwenye uzoefu, mwenye nia njema. Walitazamwa. Hawakuonekana.

Wakunga wa jadi wa Kigoma wangekucheka! Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, walipima kwa kanga. Kanga mbili zikilowa, hapana ubishi, damu imefika nusu lita, mama apewe misoprostoli. Mwenye kanga alikuwa na kipimo. Wewe mwenye stashahada ukutani, unakisia!

Lakini kupima peke yake hakukuokoa mtu. Hapa ndipo dhambi ya pili ilipo, nayo imejificha ndani ya utulivu wetu. Tumezoea kwenda hatua kwa hatua. Tunakanda mfuko wa uzazi, tunangoja tuone. Tunatoa oksitosini, tunangoja tuone. Tunatundika dripu, tunangoja tuone. Ni kama mtu anayezima nyumba inayoungua kwa kikombe, akisimama baada ya kila kikombe kuangalia kama moto umepungua!

Kanda, choma oksitosini, toa traneksamiki, tundika dripu, chunguza damu inatoka wapi, na ita mkubwa wako ikikataa. Vyote pamoja! Usingoje kimoja kishindwe ndipo uanze kingine. Damu ikifika mililita 500, anza. Ikifika 300 na mapigo yanakimbia, au presha inashuka, au mfuko umelegea, anza. Usijadiliane na damu.

Katika hospitali za E-MOTIVE zilizofuata njia hiyo, wagonjwa 91 katika 100 walipata matibabu yote. Katika zile zilizobaki na mazoea, 19. Kumi na tisa tu! Dawa zilezile zinajulikana, vitabu ni vilevile, viapo ni vilevile.

Basi tazama hukumu. Wanawake waliopoteza lita nzima ya damu au zaidi, au waliopasuliwa tumbo kuzuia damu, au waliokufa kwa damu hiyo, walikuwa asilimia 4.3 penye mazoea. Penye kipimo na matibabu ya pamoja, 1.6. Matokeo yalitangazwa Mei 2023. Kabla mwaka haujaisha, Shirika la Afya Duniani likasema: fanyeni hivi.

Na wewe ukasema, tutaona mwongozo ukifika wilayani.

(Najua, majaribio yale yalihusu wanaojifungua kwa njia ya kawaida, si wa upasuaji. Usikigeuze hicho kichaka cha kujifichia. Wa njia ya kawaida ndio waliojaza wodi yako usiku huu.)

Unajua traneksamiki imengoja muda gani? Iligunduliwa Japani na Utako Okamoto pamoja na mumewe, wakatangaza habari zake mwaka 1962. Mama huyu alitaka ijaribiwe kwa wanawake wanaotokwa damu baada ya kuzaa. Akawafuata madaktari wa uzazi. Hawakukubali. Dawa ikatumika kwa mambo mengine, miaka ikapita, wanawake wakafa. Majaribio makubwa ya kuijaribu kwa waliozaa, yaliyoitwa WOMAN, yalikuja kutangazwa mwaka 2017: wanawake 20,060, hospitali 193, nchi 21, zikiwamo Kenya, Tanzania na Uganda. Katika waliopewa dawa, 155 walikufa kwa kutokwa damu. Katika waliopewa dawa bandia, 191.

Okamoto hakuyaona. Alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Miaka 55! Hao waliokataa hawakuwa wauaji. Walikuwa watu wa heshima, wenye kazi nyingi, wenye sababu nzuri za kungoja. Kama wewe! Kama wewe hasa!

Na dawa hii yenyewe haina subira. Ikitolewa ndani ya saa tatu, inaokoa. Saa tatu zikipita, haimfai mama tena. Na ndani ya hizo saa tatu, kila robo saa unayoipoteza inakula sehemu ya kumi hivi ya faida yake. Robo saa ni muda wa kumtafuta mwenye ufunguo. Robo saa ni muda wa kumaliza kuandika faili. Robo saa ni muda wa kusema "tumwangalie kidogo."

Gramu 1, mshipani, kwa dakika 10. Unaijua dozi. Nimeiandika ili usiseme hukukumbushwa.

Lakini wewe bado unalitetea jicho lako. Miaka 20 kazini, unasema, naijua damu nikiiona. Haya, njoo nikupeleke wodi ya watoto, kisha urudi useme tena.

Mwaka 2009 hadi 2011, hospitali za Kilifi, Muheza, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor zilifanya majaribio yaliyoitwa FEAST, yakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland. Watoto 3,141 waliofika na homa kali, mikono ya baridi, mzunguko wa damu umedhoofu. Vitabu vilisema: wamiminie maji mshipani haraka, saa ya kwanza! Kila mganga aliamini. Kila jicho lilithibitisha. Na kweli, saa moja baadaye, waliomiminiwa maji kwa haraka walionekana nafuu kuliko wenzao: dalili za mshtuko ziliwatoka wengi zaidi. Ungekuwapo ungefurahi. Ungemwambia mama mtu, mwanao anaendelea vizuri.

Zikapita saa 48. Waliomiminiwa maji walikuwa wamekufa asilimia 10.5 na zaidi kidogo. Wale wasiomiminiwa, waliopewa maji ya polepole tu, asilimia 7.3.

Soma tena! Waliopata nafuu mbele ya macho ndio waliokufa zaidi. Katika kila watoto 100, watatu zaidi walikwenda kaburini, na kila mkono uliofungua dripu ile ulikuwa mkono wenye huruma. Januari 2011 majaribio yakasimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu hesabu ilikuwa imeshasema.

(Watoto wa kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuwamo katika majaribio hayo. Mtoto wa kipindupindu aliyekaukiwa mpe maji yake, na upesi. Namwambia mwenye pupa, asije akasoma nusu ukurasa.)

Je, mabingwa waligeuka siku ileile? La! Walibishana. Walisema Afrika ni tofauti, malaria ni tofauti, hakukuwa na vyumba vya wagonjwa mahututi. Mwongozo wa kimataifa wa 2013 ulitoka bado na mafundisho ya zamani, na waganga waliokuwamo katika utafiti, wa Uganda na Kenya, wakalazimika kupiga kelele kwenye majarida. Mabadiliko yalikuja 2016. Hesabu mwenyewe watoto waliolazwa kati ya miaka hiyo.

Kwa hiyo usiniambie habari za jicho. Jicho linapenda kile lilichozoea. Jicho linachoka saa kumi alfajiri. Jicho haliweki kumbukumbu ya waliokufa, linakumbuka waliopona.

Nakusikia ukijitetea, na baadhi ya utetezi wako ni wa kweli, sitaukana. Uko peke yako na wajawazito sita. Mashuka ya mistari hayajaletwa. Traneksamiki imeagizwa, haijafika. Basi lawama hiyo haianzii kitandani. Inaanzia kwa aliyeupokea waraka akautia droo, kwa aliyepitisha bajeti ya semina akakata ya dawa, kwa aliyeweka kufuli kwenye kabati la dharura kana kwamba damu hutoka saa za kazi! Nanyi mlio ofisini, kwenye halmashauri na kaunti, geukeni! Mnazijua takwimu kuliko yeyote. Mlizitia saini.

Lakini wewe wa kitandani, usijifiche nyuma yao. Hakuna shuka la mistari? Weka beseni la kipimo chini ya mama. Pima uzito wa pedi na kitambaa kabla na baada, gramu moja ni kama mililita moja. Hakuna daktari? Kukanda mfuko hakungoji saini ya daktari. Hakuna mwenzako? Piga kelele mpaka mlinzi wa getini aje ashike taa!

Kitu kimoja tu sikiruhusu: kusema ya kawaida hii, na kugeuka.

Kwa maana kwenye benchi la nje yuko mume na chupa ya chai, yuko mama mkwe na kanga mpya, wamekwisha kuambiwa hongera. Na wewe ndiwe utakayetoka kuwaambia. Utasema alikuwa na damu chache? Utasema ilitokea ghafla? Haikutokea ghafla! Ilitoka saa nzima, mbele yako, nawe ulikuwa unaitazama.

Usingoje mkutano wa Jumatatu. Usingoje ripoti ya vifo vya mwezi. Usingoje jina la mtu unayemfahamu liwe kwenye ripoti hiyo.

Leo, kabla hujapokea zamu, fungua kabati. Hesabu ampuli za traneksamiki. Iangalie oksitosini, imo kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, au imekaa dirishani ikiiva kwa jua? Kanula zipo? Dripu zipo? Viweke vyote kwenye trei moja, na trei uiweke leba, si stoo. Waambie wenzako nani atakanda, nani atachoma sindano, nani atapiga simu.

Na ukikuta kabati limefungwa na mwenye ufunguo amekwenda nyumbani, usikubali kukabidhiwa. Mpigie. Asipopokea, mpigie mganga mfawidhi. Asipopokea, mtume dereva wa gari la wagonjwa akagonge mlango wake. Waamshe!