Ingawa Kidonda

Kwenye duka moja la simu na vishikwambi Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, pamebandikwa tangazo la herufi nyekundu: KIPYA KINYEMI. Nusu ya pili ya methali haipo. Nilikuwa nimemsindikiza mpwa wangu, binti wa mwaka wa tatu chuo kikuu, kutazama kishikwambi kipya. Kijana wa dukani aliponiona nimelikazia macho tangazo lake alitabasamu: "Si unaona, mzee wangu, hata wahenga walishasema."

Tukarudi nyumbani. Mama yangu, ambaye ndiye bibi wa huyo binti, alikuwa barazani akichagua mchele kwenye ungo. Aliposikia tulikotoka hakuinua hata uso. "Kipya kinyemi ingawa kidonda, mjukuu wangu," akasema. Alikuwa na maana kwamba aache hayo, akae na chake cha zamani.

Siku moja, methali ile ile, hukumu mbili zinazopingana. Binti akanigeukia: "Mjomba, sasa nimsikilize nani?" Sikujibu. Mama yangu siwezi kumkosoa mbele ya mjukuu wake. Lakini naamini wote wawili waliikosea methali. Kosa la dukani ni jepesi, mtu amekata mkia ili auze. Kosa la mama ndilo linalonisumbua, maana ni kosa letu wengi, na tumelirithishana mpaka madarasani.

Tunafundishana kwamba kitu kipya hufurahisha mwanzo, kisha huumiza. Leo raha, kesho kidonda. Sasa isikilize sentensi yenyewe. Hiyo "kisha" iko wapi? Wahenga hawakuiweka. Walikuwa na maneno ya kutosha ya kupanga mambo kwa zamu, na wanapotaka zamu huziweka: mchezea wembe humkata, mchuma janga hula na wa kwao. Hapa wamesema "ingawa", na wapo wazee wanaosema "kingawa kidonda". Hiyo "ki" ya mwanzo inashikilia kitu kile kile, kwa wakati ule ule. Kipya hakigeuki kuwa kidonda baadaye. Ni kidonda tayari, sasa hivi, na bado kinapendeza.

Linawezekanaje hilo? Nililiona nikiwa na miaka saba au minane. Mwenzetu wa madrasa alianguka kutoka mwembeni akachubuka goti vibaya. Kesho yake alikuja limepakwa dawa ya zambarau na kufungwa kitambaa cheupe. Tulimzunguka. Alikifungua kwa madaha, pembe moja baada ya nyingine, na aliyetaka kuona alitoa ubuyu. Mimi nilitoa wangu wote. Nakumbuka nililitazama goti langu zima nikaliona halina maana. Siku ya nne kitambaa kilikuwa cheusi kwa vumbi, goti linanuka, na hakuna aliyegeuza shingo. Kidonda hakikuanza siku hiyo ya nne. Kilikuwepo tangu alipoanguka, hata wakati tukikilipia ubuyu. Kilichoondoka ni upya tu.

Kwa hiyo methali hii haitoi habari za vitu vipya hata kidogo. Inatoa habari za jicho letu. Utamu wa upya ni kama shahidi anayekuja mbele ya kadhi na neno moja. Mwonyeshe dawa, atasema nzuri. Mwonyeshe kidonda, atasema kizuri. Kadhi gani atahukumu kwa ushahidi wa mtu huyo? Lakini, na hapa ndipo mama alipopitiliza, ushahidi mbovu haugeuki kuwa ushahidi wa upande wa pili. Shahidi asiyeaminika akisema mtu huyu hana hatia, haina maana kwamba basi ana hatia. Maana yake ni kwamba bado hatujasikia kitu, na waitwe mashahidi wengine.

Biashara ya vishikwambi inamtegemea sana shahidi huyo wa neno moja. Mei 2024 Apple walitoa iPad Air yenye chipu ya M2. Machi 2025, miezi kumi tu baadaye, wakatoa yenye M3, umbo lile lile, ukubwa wa vioo ule ule. Chipu iliongezeka kasi, sikatai, na anayehariri video ndefu ataiona tofauti. Anayesoma vitabu na kuandika nukuu za darasani hataiona ng'o. Lakini jina limebadilika, boksi limebadilika, na cha mwaka jana kimeanza kuonekana kizee mikononi mwa mwenyewe, ingawa hakijapungukiwa kitu tangu jana usiku.

Na vijana wetu wanakesha wakitazama video za watu wanaofungua maboksi. Kamera inasogezwa karibu, utando wa plastiki unachunwa taratibu kama ngozi ya tunda, kifaa kinawashwa, video imekwisha. Sijawahi kuona aliyerekodi mwaka wa nne: kona zimebonyea, chaji haifiki adhuhuri, na mwenye kifaa bado anamalizia deni la kulipa kidogo kidogo. Hapo ndipo mtu angejua alinunua nini. Nasema kwa uchungu, kwa sababu nawaona watoto wazuri, wenye akili, wanaingia madeni kwa ajili ya siku moja tu katika maisha ya kifaa, ile siku ambayo hata kidonda kingewapendeza. Riziki ni amana. Mtu ataulizwa aliipata wapi na aliitumiaje.

Tulipofanya Sensa ya mwaka 2022 hapa Tanzania, makarani walipita nyumba hadi nyumba na vishikwambi, na nadhani ndipo neno lenyewe lilipoingia vinywani mwa wengi. Kazi ilipokwisha vikapelekwa kwa walimu. Hakuna aliyevifungulia boksi mbele ya kamera. Vilikuwa na kazi ya kufanya, basi.

Sasa turudi kwa kile cha binti. Ni iPad Air 2, toleo la mwaka 2014, aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Malalamiko yake ni kwamba ni nzito na haikai na chaji. Tukakaa mezani tukaanza kuita mashahidi. Uzito ulikuwa na sababu: ilikuwa ya GB 16, imejaa video za mihadhara ya mwaka wa kwanza ambazo hajazigusa tena. Tukazifuta, ikapata pumzi. Kama ningeishia hapo, ningempa mama ushindi wote.

Lakini yapo masasisho. Mfumo wa iPadOS 16, uliotoka mwaka 2022, uliiacha iPad Air 2 nje. Kifaa kilichoachwa hivyo hakifi siku hiyo. Kinafungiwa mlango mmoja mmoja: programu hii inadai mfumo mpya zaidi, halafu ile, na matundu mengi ya usalama yanayogunduliwa yanakosa mzibaji. Programu yake ya benki ilikuwa imeshakataa kufunguka.

Shahidi wa mwisho alikuwa fundi, mwenye meza yake pembeni ya barabara chini ya mwamvuli. Alipitisha hewa ya moto kwenye kingo za kioo mpaka gundi ikalegea, akapenyeza kadi ya plastiki, akakiinua kidogo kidogo. Kisha akasimama. "Njooni muone." Betri ilikuwa imefura kama andazi. Betri za lithiamu zikichoka au zikiharibika hujaza gesi ndani ya mfuko wake, na iliyofura hivyo inaweza kupasua kioo, hata kuwaka moto. Binti alikuwa akilala nayo kando ya mto.

Nilisimama pale nikimfikiria mama na ungo wake. Cha zamani nacho kilikuwa kidonda, tena tumekaa nacho tusikione, kwa kuwa mazoea nayo yana utamu wake. Mazoea ni ndugu wa upya. Huyu husema "kizuri" kwa sababu hajakijua kitu, yule husema "kizuri" kwa sababu amechoka kukitazama.

Fundi alisema betri anaweza kubadilisha, lakini masasisho hayamo katika droo yake. Binti akapiga hesabu: betri, kisha simu nyingine kwa ajili ya benki, kisha programu za darasani zitakapoanza kukataa nazo. Akaamua kununua. Kile tulichokwenda kukitazama hakukitaka, na mkopo aliukataa. Nilimweleza kwamba Samsung walipotoa Galaxy Tab S10 mwaka 2024 waliiahidi masasisho ya miaka 7. Bei yake haikuwa ya mwanafunzi, ila swali alilichukua. Kila kishikwambi alichoonyeshwa, aliuliza: hiki kitasasishwa hadi mwaka gani? Kijana wa lile tangazo jekundu ilibidi atoe simu yake atafute jibu.

Mama nilimsimulia habari ya betri tukiwa wawili. Alikaa kimya kitambo. "Kumbe kilikuwa kinauma huko ndani," akasema, akaendelea na mchele wake.

Miezi imepita. Juzi nilifika kwao nikakikuta kishikwambi kimeegemezwa kwenye chupa ya chai, kioo kimejaa alama za vidole, kona ya kava imepata doa la manjano ya mchuzi. Hakuna aliyenionyesha. Binti alinisalimu, akanisogezea kiti, akarudi kwenye ukurasa aliokuwa akiusoma.